Amani, Kwamkoro na Derema: Shajara ya Msitu Unaorudi

Jumatatu: Muheza hadi Sigi

Gari la kwenda Amani, katika milima ya Usambara Mashariki mkoani Tanga, liliondoka stendi ya Muheza saa nane mchana, likiwa na magunia ya unga na mabati juu ya keria na abiria wengi waliokuwa wakirejea kutoka sokoni. Nimechagua Februari kwa makusudi. Kiangazi hakijaisha, barabara inapitika, na huu ndio mwezi ambao wakulima wa Usambara Mashariki hufyeka na kuchoma mashamba wakisubiri masika, hivyo mtu anayetaka kuona uoto ukianza upya, ukikua na ukikatizwa njiani anaweza kuziona hatua hizo kwa wiki moja, kila moja mahali pake, pasipo kungoja miaka hamsini ili azione zote mahali pamoja.

Baada ya mashamba ya michungwa, na kabla barabara haijaanza kupanda, tulipita kando ya shamba la miti la Longuza, ambalo ni mali ya serikali. Mitiki imesimama kwa mistari iliyonyooka, na chini yake karibu hapana kitu isipokuwa majani mapana makavu na, katika sehemu zilizopitiwa na moto, udongo mwekundu ulio wazi. Mvua inaponyesha, maji hujikusanya juu ya jani la mtiki yakawa tone kubwa kuliko tone lililotoka mawinguni, kisha hudondoka na kuuchimba udongo usio na kifuniko. Ardhi hii ina joto na mvua ya kutosha kuotesha msitu wa nyanda za chini wenye mivule na miti mingine, na mbegu za miti hiyo bado zinafika zikiletwa na popo na ndege. Zinazoota hufyekwa na vibarua, na zinazonusurika panga hukutana na moto wa kiangazi. Kwa hiyo mwaka hadi mwaka uoto unarudishwa kwenye hatua ileile ya mwanzo.

Mfuatano wa uoto, ambao ndio sababu ya safari hii, ni ule utaratibu ambao ardhi iliyoachwa tupu na maporomoko, moto au shoka hushikwa kwanza na mimea ipendayo jua, yenye mbegu nyingi na maisha mafupi, kisha mimea hiyo hubadilisha kivuli, unyevu na udongo wa mahali hapo kiasi kwamba watoto wake yenyewe hushindwa kukua, na miti ikuayo polepole ikapata nafasi. Vitabu vya shule huuchora kama ngazi inayoanzia kwenye nyasi na kuishia kwenye msitu mkubwa. Nimekuja kuona kama ngazi hiyo ipo.

Nimelala Sigi, palipokuwa mwisho wa reli nyembamba ambayo Wajerumani waliijenga kati ya mwaka 1904 na 1910 kutoka Tengeni, karibu na Muheza, hasa kwa ajili ya kuteremsha magogo. Nyumba ya mkuu wa stesheni sasa ni kituo cha wageni cha Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani.

Jumanne: Sigi hadi Amani

Mwongozaji wangu ni mzee wa Kisambaa ambaye ameongoza watafiti katika milima hii tangu ujana wake. Ananiita mwalimu, nami namwita mzee, na katika saa ya kwanza tu ya kupanda alinitajia majina ya miti mingi kuliko niliyojifunza chuoni. Tuliacha barabara ya gari tukafuata njia ya miguu inayopanda kutoka bonde la mto Zigi, ambao ndio unaojaza bwawa la Mabayani na kuwapa maji watu wa jiji la Tanga.

Katikati ya mteremko tulisimama mbele ya mwamba mkubwa uliokuwa kivulini, unaochuruzika maji. Hapa ndipo mfuatano wa uoto unapoonekana ukianza kabisa, pasipo udongo. Upande wa juu, penye mwanga, mwamba umeshikwa na kuvumwani wa kijivu tu, yaani kuvu na mwani vinavyoishi pamoja, uliobanana na jiwe kama rangi iliyopakwa. Chini yake kuna kuvumwani pamoja na kigoga cha kijani kibichi, mmea mfupi na laini kama zulia. Nilipokibonyeza kwa kidole kilitoa maji, na kidole kilirudi na unga mweusi, ambao ni vumbi la mwamba lililochanganyika na kigoga kilichooza. Katika nyufa zilizojaa unga huo kuna kangaga wadogo, na kati ya kangaga kulikuwa na ua la zambarau lenye majani manene yenye vinyweleo. Hili ndilo ua la Usambara ambalo Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, alilipeleka Ulaya mwaka 1892, na ambalo leo huuzwa katika vyungu vya madirishani dunia nzima. Kwao lenyewe linategemea mambo mawili, kigoga na kivuli. Mzee alinionyesha mwamba wa pili, hatua chache kutoka hapo, ambapo mti mkubwa uliokuwa ukiutia kivuli ulikatwa. Kigoga kimekauka na kubanduka kwa vipande, na jiwe limerudi kwenye kuvumwani. Kazi iliyochukua miaka mingi ya unyevu ilifutwa na jua la misimu michache.

Juu zaidi tuliingia katika viwanja vya bustani ya mimea. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha Amani taasisi ya utafiti wa kilimo, na kuanzia Sigi hadi vilima vya juu walipanda miti iliyotoka kila pembe ya tropiki: mikwinini, mikafuri, mikarafuu, mianzi ya Asia, mipira ya Amerika. Miti mingi kati ya hiyo ilikufa, au imebaki palepale ilipopandwa, imezeeka bila kuzaa. Michache ilitoka nje ya uwanja wake. Mpira wa Meksiko, Castilla elastica, ulioletwa wakati Ulaya ilipokuwa ikiutafuta mpira kwa hamu, sasa unaota wenyewe katika msitu wa mteremko, na tulikanyaga miche yake kwa umbali mrefu baada ya kuupita mti mama.

Tulifika Amani jioni. Tuko karibu mita 900 juu ya bahari, na hewa inadai sweta.

Jumatano: Kwamkoro

Leo tumeshinda katika msitu wa Kwamkoro, na sitaharakisha kuueleza, kwa sababu mambo mengi niliyosoma kuhusu Usambara Mashariki yamefungamana hapa.

Misitu hii ni ya kale mno. Upepo unaotoka Bahari ya Hindi umeilowesha hata katika nyakati ambazo sehemu kubwa ya Afrika ilikuwa kavu, na ndiyo maana ina mimea na wanyama wengi wasiopatikana penginepo. Msitu wa namna hiyo una utaratibu wake wa kujirekebisha. Mti mkubwa ukianguka, mwanga hushuka kupitia pengo, mbegu zilizolala ardhini huamka, na katika miaka michache pengo huzibwa na mikumba na mipesi, kisha chini ya kivuli chao cha muda hukua miti ya kudumu: mnyasa, mtambaa, mfimbo, msambu. Pengo la mti mmoja ni dogo. Msitu umezoea mapengo madogo.

Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, ukataji wa magogo kwa mashine uliingia hapa kwa msaada wa fedha kutoka Ufini. Matrekta yalifungua barabara za kuburuzia magogo, na mapengo yaliyotokea yalikuwa mapana na yameungana. Malalamiko ya wanasayansi na ya wenyeji yaliongezeka, ukataji huo ukasimamishwa, na kuanzia miaka ya 1990 fedha za nchi hiyohiyo ya Ufini zikagharimia mradi wa kuhifadhi misitu ya vyanzo vya maji katika milima hiihii. Mzee aliwahi kufanya kibarua katika awamu zote mbili. Alisema kwa upole kwamba posho ya kuhifadhi ilikuwa nzuri zaidi.

Katika mapengo hayo ndipo ulipoingia musizi. Mti huu, Maesopsis eminii, si mgeni wa Afrika. Waganda ndio wanaouita musizi, na makao yake ya asili yanaanzia Afrika Magharibi yakapitia Kongo na Uganda hadi upande wa Kagera. Ila hapa Usambara haukuwapo. Uliletwa bustanini Amani mwanzoni mwa karne ya 20, na baadaye idara ya misitu ikaupanda kwa makusudi Kwamkoro ili kufidia miti iliyokatwa, kwa kuwa unakua upesi, umenyooka, na mbao zake zinauzika. Waliofanya hivyo hawakuwa wajinga. Walitaka pengo lizibwe, na kweli limezibwa.

Tulisimama chini ya mti ambao hondohondo, ndege wenye mdomo mkubwa, hupenda kutulia. Nilipiga magoti nikaokota kokwa za musizi zilizotapakaa kati ya majani makavu: ndefu kidogo, ngumu, rangi ya kahawia hafifu, nyingi zikiwa safi kabisa kama zilizooshwa, kwa sababu hondohondo humeza tunda zima, humeng'enya nyama yake, kisha huitapika kokwa akiwa amekwisha kuruka mbali na mti mama. Katika eneo ambalo ningeweza kulifunika kwa kanga mbili, miche ya musizi ilikuwa imebanana hata nikashindwa kuweka mguu bila kuikanyaga. Mingi ilikuwa na majani manne au sita, imepauka, na mingine imekwisha kuinama. Sikuuona hata mmoja uliofika kiunoni. Hatua thelathini kutoka hapo, tawi kubwa lilikuwa limeanguka na jua linapenya, na hapo kulikuwa na miche ya musizi iliyonizidi kimo.

Jambo hilo moja linaeleza historia yote ya mti huu katika milima hii. Musizi hauwezi kukua kivulini, hata kivuli chake wenyewe. Haukuuvamia msitu uliofungamana. Ulipewa mlango na matrekta, mashamba na barabara, na kwa kuwa mbebaji wa mbegu zake huruka kilomita nyingi kwa siku, kila mlango uliofunguliwa ulipata mbegu kabla mti mwingine haujafika. Katika miaka ya 1980 watafiti waliogopa kwamba ungeweza kutawala nusu ya misitu hii au zaidi. Hofu hiyo ilikuwa na msingi, kwa sababu majani ya musizi huoza haraka na kuacha udongo karibu wazi, na udongo wa chini yake huwa tofauti na ule wenye asidi kali ambao viumbe wa msitu wa asili wameuzoea.

Lakini chini ya misizi mikubwa iliyopandwa zamani, ambayo mingine mioyo yake imeanza kuoza ikiwa imesimama, nilichokiona leo ni miti michanga ya mkonde, ya mfimbo na ya mitambaa michache. Msitu wa asili unaanza kujipenyeza chini ya mgeni, polepole, na si kwa miti yote. Msambu karibu sikuuona. Mzee aliniuliza kama najua sababu. Tunda la msambu ni kubwa na zito, huanguka chini ya mti wake, na hakuna ndege awezaye kulibeba. Anayezisafirisha mbegu zake ni panya buku, aina ileile ya panya ambao wataalamu wa Morogoro wamewafunza kunusa mabomu ya ardhini. Hujaza mbegu mashavuni, huzifukia hapa na pale kwa akiba, na zile anazozisahau ndizo zinazoota, tena baada ya miezi sita au hata mwaka na zaidi. Mbegu ya musizi husafiri kwa mabawa, na ya msambu kwa mashavu ya panya asiyependa kuvuka mahali palipo wazi. Mapengo yakiwa mapana na misitu ikakatwa vipande, najua nani atatangulia.

Alhamisi: Amani

Mvua imenyesha tangu alfajiri. Amani hupata takriban milimita 1,900 za mvua kwa mwaka, na hata kiangazi hakina uaminifu. Nilibaki nyumba ya wageni nikapitia maandishi niliyokuja nayo.

Mwaka 1916 Mmarekani Frederic Clements alidai kwamba uoto wa mahali hukua kuelekea kilele kimoja kinachoamuliwa na hali ya hewa, kwa namna ileile ambavyo kiumbe hukua hadi utu uzima. Miaka kumi baadaye mwenzake Henry Gleason akampinga: kila aina ya mmea huja kwa nafasi yake na kwa mbegu iliyobahatika kufika, na jamii ya mimea ni mkusanyiko wa wasafiri tu. Mwaka 1977 Joseph Connell na Ralph Slatyer wakaeleza kwamba mimea iliyotangulia inaweza kuwasaidia wafuasi wake, au isiwajali, au iwazuie. Baada ya kushinda Kwamkoro namwona Gleason kuwa mkweli zaidi, ingawa Clements ndiye aliyeingia katika vitabu vyetu vya shule. Mkumba husaidia. Mfimbo huvumilia kivuli cha yeyote aliyetangulia. Na lantana, kichaka cha Amerika kilichojaa kando ya barabara ya kuja hapa, huzuia: hufunga ardhi kwa matawi yenye miiba na kuikalia kwa miaka.

Kuna jambo jingine linaloiondolea heshima habari ya msitu ambao haujawahi kuguswa. Katika milima hii wataalamu wa mambo ya kale wamekuta vigae vya vyungu na mabaki ya ufuaji chuma vya zaidi ya miaka elfu moja. Kufua chuma kunataka makaa, na makaa yanataka miti. Baadhi ya msitu ambao Wajerumani waliuona kuwa wa asili kabisa huenda ulikuwa umekwisha kurudi mara moja.

Ijumaa: Derema

Tulipita kati ya mashamba ya chai, ambapo miongo mingi ya upogoaji imeufanya mti wa msituni ubaki kichaka cha kimo cha kiuno, tukaingia Derema. Ukanda huu mwembamba wa msitu unaunganisha misitu ya kaskazini ya Usambara Mashariki na ile ya kusini, na mbegu zinazobebwa na wanyama wasioruka hazina njia nyingine.

Kwa miongo mingi Derema ilikuwa shamba la iliki. Iliki hupenda kivuli, kwa hiyo mkulima haikati miti mikubwa. Hufyeka kila kitu kilicho chini yake, akapanda. Ukitazama kutoka kilima cha jirani huoni tofauti yoyote, majani yamefungamana juu. Ukiingia ndani unagundua kwamba msitu ule una wazee tu. Kila mche wa mnyasa au mtambaa uliothubutu kuota ulifyekwa pamoja na magugu, msimu baada ya msimu, na mti mzee unapoanguka hakuna wa kuchukua nafasi yake. Kisha baada ya miaka kadhaa udongo huchoka, iliki huacha kuzaa vizuri, na mkulima anayehitaji chakula huikata ile miti ya juu ili apande migomba na mahindi. Ukataji wa namna hii hauonekani kama ukataji mpaka umekwisha kutokea, na kwa maoni yangu umedhuru kwa ukimya kuliko chenso.

Katika miaka ya 2000 Derema ilipimwa, bikoni za mpaka zikawekwa, wakulima wakalipwa fidia ya mazao yao ili waondoke. Fidia hiyo ilizua malalamiko makubwa, na leo bado yanasikika. Mwanamume tuliyemkuta akichota maji mpakani, ambaye mashina yake ya iliki yamo ndani ya mstari, alituambia, "Mzee wangu, mti hulipwi kwa bei ya mwaka mmoja wakati ulikuwa unakulisha kila mwaka." Mzee hakumjibu. Nami sina hoja ya kumpinga: maji ya Tanga na maua ya zambarau ni faida ya wengi, na gharama yake imebebwa na kaya chache.

Uoto wa Derema sasa unaenda kwa njia tatu tofauti, na nimezipita zote kwa asubuhi moja. Palipobaki miti mikubwa, iliki yenyewe bado ipo, imezeeka, majani yake marefu yameinamiana na kuzuia mwanga usifike chini, lakini kati ya mashina nimeona miche mingi ya mnyasa. Palipokuwa na migomba karibu na ukingo wa msitu, mikumba na mipesi imekwisha kuwa mikubwa, na chini yake ardhi ni laini na nyeusi. Palipokuwa na mahindi mbali na ukingo, lantana imefunga kila kitu, pamoja na kichaka kingine cha Amerika chenye majani ya vinyweleo na matunda madogo ya buluu ambayo watoto huyala. Watu walewale waliondoka kwa fidia ileile, na uoto umeachana kutegemea umbali wa mti mama na kilichokuwa kimebaki ardhini.

Jumamosi: Sakale

Safari fupi. Mwaka 2003 na 2004 dhahabu ilionekana katika vijito vya upande wa Sakale, na maelfu ya watu walifika kwa wiki chache, wakachimba kingo, wakaosha udongo, kisha wakaondolewa na serikali. Nilitaka kupaona kwa sababu shoka na jembe huacha udongo na mbegu zake, lakini mchimbaji huupindua udongo wenyewe.

Kwenye mashimo ya zamani kilichoota ni kangaga na nyasi ngumu, na penye kokoto tupu kuna kigoga kile nilichokiona Jumanne juu ya mwamba. Ng'ambo ya kijito, hatua chache tu, shamba lililoachwa karibu wakati uleule limekwisha kuwa kichaka kizito cha mipesi na mishai. Mvua ni ileile na ndege ni walewale. Kwenye mashimo, uoto umelazimika kuanza na kutengeneza udongo.

Jumapili: shamba la mpakani

Siku ya mwisho mzee alinipeleka kwa shangazi yake, bibi mmoja mwenye shamba kwenye mteremko unaopakana na hifadhi. Tulimkuta na wajukuu wake wakisafisha ukanda wa kuzuia moto kuzunguka kipande walichokifyeka. Aliwasha moto upande wa juu ili uteremke dhidi ya upepo, akausimamia kwa tawi bichi mpaka ukaisha, na moto haukuvuka hata unyayo mmoja. Nimeandika hili kwa sababu wengi wetu tunaoandika kuhusu moto wa wakulima hatujawahi kumwona mkulima anayeujua moto wake.

Nilimuuliza juu ya kulaza shamba. Alisema baba yake alikuwa akilima kipande kimoja kwa misimu mitatu au minne kisha anakiacha mpaka mikumba inenepe, ndipo anarudi. Alijua umri wa shamba lililolala kwa kutazama mimea: mashona nguo na magugu laini mwaka wa kwanza, tughutu baadaye, kisha mikumba, na ukiona mkonde umeota chini ya mkumba, basi udongo umepona. Yeye mwenyewe hulaza shamba misimu miwili, kwa kuwa ardhi imegawanywa kwa watoto na upande wa juu kuna bikoni. Katika misimu miwili tughutu ndiyo kwanza inaanza. Anachokifyeka kila anaporudi ni hatua zilezile za mwanzo, na kila mara magugu ya kigeni yamezidi, kwa sababu mbegu zake hukaa ardhini zikisubiri jembe, ilhali akiba ya mbegu za mikumba hupungua kila shamba linapochomwa kabla mkumba haujazaa.

Katikati ya shamba ameacha misambu mitano mikubwa, ambayo mume wake aliiacha alipofungua shamba. Kuanzia mwisho wa mwaka huokota matunda yaliyoanguka, hukausha mbegu na kuziuza kwa wanunuzi wa mafuta, na zinazobaki hukamua kwa matumizi ya nyumbani. Chini ya msambu mmoja tulikuta tundu la panya buku, na pembeni yake mche wenye majani mawili mazito yenye kung'aa. Bibi aliuwekea vijiti vinne ili mjukuu asiulime.

Mabishano yalitokea juu ya misizi. Kwenye kona ya shamba imeota yenyewe, mitatu mikubwa, na hondohondo wanaishukia wakati wa matunda. Mzee anataka ikatwe yote leo kabla haijazaa tena, kwa kuwa iko hatua chache kutoka hifadhini. Bibi alimwambia, "Mwanangu, hiyo ni mbao ya nyumba ya mdogo wako, wewe unaiona ni gugu." Waliponigeukia nilisema nilichoamini: kuikata kwa ghafla kutafungua pengo ambalo litajaa lantana na miche ya misizi itakayotoka kwenye mbegu zilizokwisha kulala ardhini, na chini ya miti hiyo mitatu tayari kuna mikonde na mfimbo mmoja wa kimo changu.

Baada ya chai walikubaliana kwamba utakatwa mmoja kila mwaka, ukianza ule ulio mbali zaidi na mfimbo, na uangushwe kuelekea njiani ili usiponde miti michanga. Mpasuaji mbao wa kijijini ameshauona na kutaja bei. Mwenyekiti wa kitongoji amepelekewa barua, lakini kibali cha kukata kinapaswa kupitia ofisi ya misitu ya wilaya, na bibi anataka kitoke kabla ya masika kwa sababu baada ya hapo gogo haliwezi kuteremshwa.